Kabla ya kukata tiketi ya meli, familia ihesabiane

Ziwa Victoria lina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 69,000, na haliko mbali na Kiabakari. Anayeelekea Musoma analikuta, anayeelekea Bunda na kuendelea Mwanza analikuta pia. Hata hivyo zipo familia nyingi wilayani Butiama zenye wazee wa miaka 70 na zaidi ambao hawajawahi kulala ndani ya meli. Wamevuka kwa kivuko kutoka Mwigobero kwenda Kinesi, au kutoka Kisorya kwenda Rugezi, basi. Safari ya usiku mzima majini, wajukuu wakiwa pembeni, wanaiona kwenye simu za vijana, kwenye picha za zile meli kubwa za watalii zinazotia nanga Zanzibar na Dar es Salaam.

Siku hizi watoto waliotoka kwenda kufanya kazi mijini wanarudi nyumbani Krismasi na wazo moja: mwakani twende wote mahali. Ni wazo jema. Wazee hawabaki milele, na watoto wa ndugu wanaokutana msibani tu hukua bila kujuana.

Lakini kuisafirisha familia ya vizazi vitatu kwa meli ni tofauti na kukodi Coaster kwenda harusini Tarime. Coaster mtu akisahaulika dereva hugeuza. Meli ikishang'oa nanga haigeuzi. Jambo lolote ambalo familia haikulizungumza sebuleni italizungumza kwenye geti la bandari, saa mbili usiku, mbele za watu, huku mtoto akilia.

Ichukuliwe familia moja ya mfano, inayofanana na nyingi za pale Kiabakari. Babu ana miaka 78, Bibi 72. Mtoto wao wa kwanza anaishi Mwanza na mkewe na watoto wanne. Wa pili, binti, ni muuguzi Musoma, ana mume na watoto watatu. Wa mwisho amebaki nyumbani na mkewe na watoto watatu, analima pamba na mtama na kutunza ng'ombe wa mzee. Yupo pia Shangazi, dada yake Babu, mjane anayeishi nyumba ya pili uani. Jumla yao watu 19. Krismasi imewakuta wote pamoja, na safari inatakiwa iwe mwishoni mwa Juni, shule zikiwa zimefungwa na mvua za masika zikiwa zimekwisha. Wana miezi sita.

Kwanza, safari ni ya nani?

Swali hili likirukwa, mengine yote huenda kombo. Vijana wa familia hii wanataka Zanzibar. Kaka mkubwa anataka popote penye hoteli nzuri na picha. Mkwe wa Musoma anasema bora Serengeti, maana iko jirani. Kila mmoja ana hoja, na kikao kinaweza kufika usiku wa manane bila mwafaka.

Babu ndiye anayeuliza, "Mama yenu mmemuuliza?"

Bibi ana mdogo wake aliyeolewa Bukoba. Hawajaonana miaka 14. Wanasalimiana kwa simu kila Jumapili, na kila Jumapili simu inaisha kwa maneno yaleyale: Mungu akipenda tutaonana.

Baada ya hapo hakuna tena mjadala wa Zanzibar. Safari ikishapata mwenyewe, maamuzi mengine hujipanga nyuma yake: meli ya Mwanza kwenda Bukoba, siku tatu kwa mdogo wake Bibi, kisha kurudi. Wengine nao wanapata vyao humo humo. Babu, Mkatoliki wa siku nyingi, atasali katika Kanisa Kuu la Bukoba alikozikwa Kardinali Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza kuwa kardinali, tangu mwaka 1960. Watoto watacheza ufukweni. Vijana watapiga picha zao. Ila kila mtu anajua kwamba ratiba ikibana, kinachokatwa ni ufukwe na picha, si siku za Bibi na mdogo wake.

Hofu isifanyiwe mzaha

Kaka mkubwa anasoma mpango. Watu wanapiga makofi. Bibi anasema taratibu, "Nyinyi nendeni. Mimi nitabaki na kuku."

Watoto wanacheka. Shangazi hacheki. "Wifi, sema lililo moyoni," anamwambia.

Bibi anasema. Mwaka 1996 alikuwa na jirani, mama mfanyabiashara ya ndizi, aliyekwenda Bukoba na hakurudi. Watoto wa yule mama walikwenda Mwanza kumtafuta. Hawakukuta karatasi yenye jina lake. Mpaka leo hawajui kama alikuwa ndani ya meli ile au la, ila hajaonekana tena.

Vijana waliozaliwa baada ya mwaka huo wanaijua MV Bukoba kama somo la historia. Kwa wazee wa kanda ya ziwa ni msiba ambao haujaisha. Meli ile ilizama asubuhi ya Mei 21, 1996, ikiwa imekaribia Mwanza, na watu zaidi ya 800 walikufa. Uwezo wake ulikuwa abiria 430 hivi. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa kwenye orodha. Wa daraja la tatu, waliolipa nauli ndogo na ndio waliojazana, hawakuwa na orodha. Wengi wao walizikwa Igoma, Mwanza, na familia nyingi hazikuweza kusema kwa hakika ndugu yao yuko kaburi gani.

Miaka 22 baadaye, Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ukerewe. Kilitengenezwa kubeba watu 101. Waliokufa walikuwa 228 na waliookolewa 41. Hesabu hiyo peke yake inaonyesha kilikuwa kimebeba zaidi ya mara mbili ya uwezo wake, na siku za mwanzo hakuna aliyeweza kutaja idadi kamili ya waliokuwemo.

Kwa hiyo mzee wa kanda ya ziwa anapoogopa meli, haogopi kivuli. Anajua anachokiogopa. Kumwambia "siku hizi mambo ni tofauti, Bibi, usiwe mshamba" ni kumfunga mdomo tu, hofu inabaki palepale. Atakubali kwa aibu, kisha wiki moja kabla ya safari atasema mgongo unamuuma.

Hofu yenye sababu hujibiwa kwa majibu. Katika familia hii, mjukuu mkubwa wa miaka 17 anapewa kazi ya kuyatafuta: aende bandarini Mwanza mwenyewe akiwa na baba yake, aulize, arudi na daftari. Meli inabeba watu wangapi? Tiketi inaandikwa jina? Jaketi okozi ziko wapi, na za watoto zipo? Nani anakagua abiria wasizidi? Hali ya hewa ikiwa mbaya, safari huahirishwa?

Majibu mengine yanajulikana. MV Victoria, meli ya zamani iliyoingia majini mwaka 1961, ilisimama mwaka 2014, ikakarabatiwa na kurudi kazini mwaka 2020 kwa jina la New Victoria Hapa Kazi Tu, ikiwa na uwezo wa abiria 1,200 na tani 200 za mizigo kati ya Mwanza na Bukoba. Meli mpya ya MV Mwanza, iliyoshushwa majini Februari 2023, nayo imetengenezwa kwa abiria 1,200, pamoja na magari. Usimamizi wa usalama wa vyombo vya majini uko chini ya TASAC, na Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa ziwa. Nauli, siku za safari na meli gani iko kazini ni mambo yanayobadilika, hivyo huulizwa bandarini wakati wa kupanga na huulizwa tena wiki ya safari.

Na lipo jibu moja ambalo Bibi anastahili kulisikia kwanza kabla ya mengine: halazimishwi. Tangu Juni 19, 2025 daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa, lenye urefu wa takriban kilomita tatu, na gari linatoka Mwanza kupitia Sengerema na Geita hadi Bukoba bila kusubiri kivuko. Bibi akisema anapita barabarani, atapita barabarani na mwanawe mmoja, na watakutana Bukoba. Mtu akishajua mlango wa kutokea upo, hukaa chumbani kwa utulivu zaidi.

Bibi anasikiliza majibu yote. Kisha anatoa sharti lake. "Nitapanda. Lakini majina yetu wote yaandikwe kwenye karatasi, na karatasi moja ibaki hapa nyumbani."

Asiyehesabiwa

Binti wa Musoma anachukua kalamu. Anaandika. Anasoma kwa sauti: watu 19.

Bibi anauliza, "Na yule binti?"

Anamsema msaidizi wa kazi za ndani anayeishi na familia ya Musoma, msichana wa miaka 20. Kila mtu sebuleni alikuwa anajua kwamba atakwenda. Nani atambeba mtoto wa miezi kumi? Nani ataamka usiku? Ila hakuna aliyemwandika. Kwenye bajeti hayumo. Kwenye vyumba hayumo. Wazo lilikuwa kwamba atakatiwa tiketi ya bei ya chini palepale bandarini na "atajibanza".

Sebule inanyamaza, kwa kuwa dakika chache zilizopita wote wamesikia ni abiria gani wa MV Bukoba ambao hawakuwa kwenye orodha.

Kila familia kubwa ina watu wa namna hii. Msaidizi wa ndani. Kijana wa kuchunga. Shangazi mjane ambaye hakuchanga, kwa hiyo haulizwi. Mtoto wa marehemu kaka anayelelewa hapo, ambaye hujumuishwa tu kwenye "na watoto". Hawa ndio hukosa kiti, hukosa sahani, hukosa jaketi okozi. Hakuna aliyewachukia, ila walihesabiwa mwishoni au hawakuhesabiwa kabisa.

Familia inaamua mambo mawili. Binti anaulizwa kama anataka kwenda au anapenda apewe likizo akawaone wazazi wake siku hizo. Akisema anakwenda, anaandikwa jina lake kamili, analipiwa nauli na malazi kama wengine, mshahara wake haukatwi, na zamu za usiku za mtoto zinagawanywa, si zote zake. Anasema anakwenda. Orodha inakuwa ya watu 20.

Ng'ombe nao wana jibu lao. Kijana wa jirani atakaa nyumbani wiki hiyo kwa malipo yaliyotajwa mapema, na ndiye atakayebaki na ile karatasi ya majina, pamoja na namba za simu za ndugu wa Bukoba.

Wapo wazee wasiopenda watoto wahesabiwe kwa vidole kama mifugo. Babu ni mmoja wao. Hakuna haja ya kushindana naye. Watu waitwe kwa majina, kila mmoja aitikie. Jina lisiloitikiwa linajulikana mara moja ni la nani. Namba ikipungua, watu huanza kuulizana.

Fedha zitajwe mbele ya wote

Penye familia kubwa, mzigo wa fedha ukimwangukia mmoja, safari inakuwa yake. Yeye ndiye atakayeamua wapi pa kulala, nani aje na saa ngapi watu waamke, na wengine watanung'unika chumbani. Ukigawanywa sawa kwa kila kichwa, mkulima mwenye watoto watatu ataaibika mbele ya mwenye mshahara.

Njia iliyo salama ni kila kaya kuchangia kwa uwezo wake, kiasi kikatajwa mbele ya wote na kukubaliwa na wote. Kwa mfano tu, tuseme baada ya kuuliza nauli, kukodi gari la kwenda Mwanza na kurudi, chakula na zawadi za wenyeji, gharama imefika shilingi 2,000,000. Familia inaongeza sehemu moja ya kumi, shilingi 200,000, kwa ajili ya dharura. Kaka wa Mwanza anachukua 900,000, ambazo kwa miezi sita ni 150,000 kila mwezi. Dada wa Musoma na mumewe 800,000. Mkulima 300,000, na atazitoa mwishoni, pamba ikishauzwa, pamoja na gunia la viazi na karanga za njiani. Babu anauza mbuzi mmoja, 100,000. Shangazi anasema naye hataki kubebwa bure. Kikoba chake kitavunjwa Mei, atatoa 100,000. Jumla 2,200,000.

Mbuzi wa Babu na kikoba cha Shangazi ni fedha ndogo ukilinganisha na za kaka. Lakini aliyechangia ana neno, na mzee mwenye neno hasafiri kama mzigo.

Mtunza fedha awe mmoja, asiwe yule aliyechangia nyingi zaidi, na kila mwisho wa mwezi atume ujumbe mmoja kwenye kundi la familia: zimeingia ngapi, za nani, zimebaki ngapi. Ikifika mwisho wa Mei hazijatimia, safari isogezwe hadi Desemba, ambapo Bukoba kuna senene. Kukopa kwa ajili ya matembezi ni kununua ugomvi wa mwaka mzima.

Nani alale na nani

Meli ya usiku ina vyumba vya vitanda na ina sehemu za viti. Vyumba ni vichache na huisha mapema, kwa hiyo huwekwa nafasi kwanza, na kwanza ni vya wazee na mama mwenye mtoto mchanga. Vijana wenye afya watakaa kwenye viti na watafurahi.

Hapa mila nazo zina lao. Katika jamii nyingi za Mara, mkwe na wakwe hawalali chumba kimoja, na wapo ambao hata kula pamoja hawali. Anayepanga vyumba kwa kuangalia idadi ya vitanda tu anaweza kumweka mke wa kaka mkubwa chumba kimoja na Babu, au mume wa dada pamoja na Bibi. Hakuna atakayelalamika kwa sauti. Mkwe atakaa tu nje kwenye baridi usiku kucha, na asubuhi watu watashangaa kwa nini ana kikohozi. Mpangilio huu apewe Shangazi. Anazijua heshima zote, na atapanga kwa dakika kumi jambo ambalo vijana wangelikosea.

Watoto wadogo wane wa familia hii kila mmoja awe na mtu mzima mmoja wa usiku kucha, anayetajwa kwa jina. "Tutawaangalia wote" maana yake hakuna anayewaangalia. Mama wa mtoto mchanga asipewe mtoto wa pili. Babu hasikii vizuri, na matangazo ya melini hutolewa kwa vipaza sauti, hivyo naye ana mtu wake: yule mjukuu wa miaka 17. Bibi ana dawa za presha. Zinakaa kwenye pochi yake ya mkononi, pamoja na kadi ya kliniki, wala si kwenye begi kubwa litakalowekwa na mizigo. Anayetapika kwenye gari huenda akatapika majini. Ale chakula chepesi, akae katikati ya meli sehemu ya chini ambako mtikisiko ni mdogo, na kama anahitaji vidonge amwone mfamasia kabla ya siku ya safari, hasa mjamzito, mtoto na mwenye presha.

Jaribio la siku moja

Familia isiyowahi kusafiri pamoja kwa maji ina nafasi ya kujipima kabla ya usiku ule. Kuna MV Butiama, yenye jina la nyumbani kabisa, iliyotengenezwa kwa abiria 200 na tani 100 za mizigo, ambayo imekuwa ikifanya safari kati ya Mwanza na Nansio, Ukerewe. Wachache wa familia, Bibi akiwemo, wanaweza kutoka Bunda hadi Kisorya, wakavuka kwa kivuko hadi Rugezi, wakafika Nansio, kisha wakapanda meli mchana kwenda Mwanza na kurudi nyumbani kwa basi kupitia Magu na Lamadi. Wakikuta meli haifanyi kazi wiki hiyo, hata Mwigobero hadi Kinesi na kurudi inatosha.

Jaribio hili linaonyesha mengi. Nani anatapika. Nani haachi kuning'inia kwenye vyuma. Ngazi za meli zinamsumbua Babu kiasi gani. Na muhimu zaidi, Bibi ataamua akiwa ameshakanyaga meli, ameona jaketi okozi lilipo, amelivaa na kulivua. Akisema hapana baada ya hapo, ni hapana ya mtu anayejua.

Siku yenyewe

Gari liondoke Kiabakari asubuhi, hata kama meli inaondoka usiku. Familia ifike Mwanza mchana, ipumzike kwa kaka mkubwa, iende bandarini ikiwa imeshakula. Vitambulisho vya watu wazima na nakala za vyeti vya kuzaliwa vya watoto vikae kwa mtu mmoja.

Majina yaitwe mara nne: gari likiondoka Kiabakari, kwenye geti la bandari, ndani ya meli kabla haijang'oa nanga, na Bukoba kabla ya kushuka. Kila mara majina 20, kwa sauti, pamoja na la yule binti. Jina lililo kwenye karatasi ya nyumbani liwe ndilo hilo hilo lililo kwenye tiketi, herufi kwa herufi. Mtoto asiyelipiwa nauli naye iulizwe kama ameandikwa kwenye orodha ya abiria. Kutolipa si sababu ya kutoandikwa.

Wakishaingia, kila mtu aonyeshwe jaketi okozi lake kabla ya kuonyeshwa kitanda chake. Watoto waonyeshwe pia. Baada ya hapo chai, karanga na hadithi.

Linabaki jambo moja la kukubaliana wakiwa bado nyumbani, kwa sababu bandarini litakuwa limechelewa. Ikitokea wamefika na kuona meli imejaa kupita kiasi, watu wamesimama kila mahali, au upepo umeshaanza na bado wanaambiwa wapande, nani atasema "hatupandi"? Kila mtu atakuwa amechoka. Nauli itakuwa imelipwa. Mdogo wake Bibi atakuwa ameshachinja kuku. Hakuna atakayetaka kuwa yeye wa kuvunja safari ya watu 20, na hivyo ndivyo watu hujikuta ndani ya chombo ambacho kila mmoja wao moyoni alikitilia shaka.

Familia hii inampa neno hilo Bibi. Akisema hapana, wote wanageuka, wanalala Mwanza, hakuna anayeuliza sababu wala kutaja nauli. Ile shilingi 200,000 ya dharura ilitengwa kwa usiku kama huo pia, na ikipungua watachanga tena. Bukoba haihami, na barabara ya Kigongo–Busisi iko wazi.

Kaka mkubwa anaandika hilo chini ya karatasi ya majina. Bibi, ambaye miezi sita yote alikuwa amesema atabaki na kuku, anauliza kama Bukoba wanapenda zaidi dagaa au unga wa mtama, ili ajue amfungie mdogo wake nini.